Nukta kwenye PATH, hata ikiwekwa mwishoni

Swali: Nasimamia seva ya Linux ya wanafunzi hapa Kampala. Nimechoka kuandika ./ kila ninapoendesha skripti zangu. Rafiki kaniambia niongeze nukta (yaani folda niliyomo) kwenye PATH, orodha ya folda ambamo amri hutafutwa, mradi iwe mwishoni. Eti hatari ni ikiwa mwanzoni tu. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, ndugu yangu, na ushauri huu nakutana nao kila mara.

Wanaoutoa wanajua nusu ya jambo. Sheli, programu inayopokea amri zako, hupekua folda za PATH kutoka kushoto na kuendesha programu ya kwanza inayoikuta, hivyo ls halisi (amri ya kuorodhesha faili) iliyo /usr/bin itaitangulia ls bandia. Sawa. Lakini nani kasema mwanafunzi mjanja ataiita faili yake ls? Ataiita sl, au gti, makosa ya kawaida ya kuandika ls na git, na kuiacha ndani ya /tmp, ambako kila mtu ana ruhusa ya kuandika. Siku umeingia humo kama root, akaunti yenye mamlaka yote, vidole vikateleza, sheli itakosa jina hilo folda baada ya folda hadi ifike kwenye nukta yako. Hapo faili yake inaendeshwa kwa mamlaka yako. Itakuwa vilevile ukiita amri ambayo haijasakinishwa kwenye mashine hiyo.

Kinachoniuma zaidi ni wale ambao hawakuweka nukta, ila wanayo. Folda za PATH hutenganishwa kwa alama ya nukta mbili (:), na sehemu iliyoachwa tupu husomwa kama folda uliyomo. Ukiandika PATH=$PATH: na kuacha nukta mbili zikining'inia mwishoni, umeiweka. Ukibandika PATH=$JAVA_BIN:$PATH na JAVA_BIN haina thamani, umeiweka mwanzoni kabisa! Mafundi wa "bandika mstari huu kwenye .bashrc, utafanya kazi" (hiyo ni faili ya mipangilio ya sheli) hawakuelezi hilo, na kweli unafanya kazi.

Wala usijifariji na sudo, amri ya kuendesha programu kwa mamlaka ya root. Mpangilio wake wa secure_path, unaoweka PATH maalumu, hulinda amri zinazopitia sudo. Akaunti yako ya kawaida, yenye funguo zako za SSH (za kuingilia seva nyingine), imebaki wazi.

Skripti zako ziweke ~/bin, folda uifunge kwa chmod 700 ili uitumie wewe tu, kisha uandike njia yake kamili kwenye PATH. Basi.

Halafu tazama folda nyingine zote. Yoyote ambayo mtu mwingine anaweza kuandika ndani yake ni nukta kwa jina jingine, hata kama iko chini ya /opt na inaonekana rasmi. Endesha echo $PATH, kisha ls -ld kwa kila folda uone nani anaruhusiwa kuandika, ukianzia akaunti ya root.