Godoro la Harburg: barua kwa binti yangu

Mwanangu,

Asalaam alaykum. Sisi hatujambo, mguu wa mama yako umepungua uvimbe, na shangazi yako bado anadai ile sufuria.

Umeniuliza jambo jepesi. Wewe na rafiki yako mnatoka Groningen kwa basi kwenda Hamburg mwezi wa tano, siku tatu, na bei za vyumba zimepanda hadi unashangaa. Mchukue vitanda kwenye hosteli karibu na stesheni kuu, au chumba cha nje ya mji kilicho rahisi zaidi? Kisha chini kabisa, kama mtu anayetupa ganda la muwa, ukaongeza kwamba binti wa ami yako wa Harburg, kule kusini mwa Hamburg, amesema godoro lipo sebuleni, njooni tu, bure.

Nianze na ulichouliza, nisije nikaambiwa nimekikwepa. Bei zimepanda kwa sababu tarehe ulizoandika ni za sherehe ya bandari. Hamburg husherehekea kuzaliwa kwa bandari yake kila mwaka karibu na tarehe 7 Mei, wakihesabu tangu 1189, na siku hizo pale kwenye magati ya Landungsbrücken mguu hauna pa kukanyaga. Kama tiketi za basi hamjakata, sogezeni safari wiki moja mbele. Hilo litawaokolea pesa nyingi kuliko kukesha mkilinganisha hoteli kwenye simu.

Mkishindwa kusogeza, tazameni hosteli ya vijana iliyo kilimani Stintfang, juu kabisa ya Landungsbrücken. Ni mabweni, na wanataka kadi ya uanachama wa hosteli za vijana, lakini ukitoka nje tu mto Elbe wote uko chini yako, meli zinapita. St. Georg, nyuma ya stesheni kuu, pia kuna hosteli na hoteli ndogo ndogo. Basi lenu litawashusha pale pale jirani, chakula cha halali kiko Steindamm kwa Waturuki na Waafghani, na msikiti wenye minara ya kijani na nyeupe hauko mbali. Mama yako kasikia kwamba mtaa huo usiku haujatulia. Ni kweli, lakini ni mtaa wenye watu na taa. Hosteli za Reeperbahn, mtaa wa starehe za usiku, achaneni nazo, huko hakuna anayelala.

Chumba cha nje ya mji kipigieni hesabu pamoja na nauli ya kwenda na kurudi kila siku, kisha muulize mtarudije usiku. Treni za S-Bahn hutembea usiku kucha Ijumaa na Jumamosi. Katikati ya wiki nazo hulala, mkabaki mnangoja basi la usiku kwenye baridi. Na nyumba za watu zinazopangishwa kwa siku, tangu 2019 tangazo la Hamburg linatakiwa lionyeshe namba ya usajili iliyotolewa na serikali ya mji. Lisilo nayo, lipite hata picha zikiwa nzuri vipi. Mwenye nyumba akikwambia umtumie pesa benki, nje ya mtandao ulikomkuta, huyo hana nyumba. Juu ya bei kuna pia kodi ya utalii ya mji, walianza kuitoza 2013, na kadiri chumba kilivyo ghali nayo hupanda.

Basi, umejibiwa. Sasa hilo godoro.

Msemo wangu unaujua tangu hujaota meno ya utu uzima. Kula kwa watu si neno. Kulala, lipia. Kisa chenyewe mnakijua nyote, ila mnakijua kwa mdomo wa shangazi yenu, naye hukikata pale panapouma.

Meli yetu ilifungwa gatini Hamburg kwa sababu mwenye meli aliishiwa pesa, na sisi mabaharia tukaambiwa tuteremke tungoje mishahara. Ilikuwa baridi, mwishoni mwa miaka ya 1980, wewe hujazaliwa, na mama yako alikuwa bado anaposwa na yule mwalimu wa Pangani ambaye sitaki kumtaja. Ami yako alikuja mwenyewe hadi getini, kashika koti la ziada mkononi. "Ndugu yangu alale kwa watu baki na mimi nipo?" Nani angekataa? Nikaenda Harburg.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililishika siku ya kwanza. Nilipika, niliosha vyombo, nilimpeleka huyo huyo binti yake chekechea theluji ikianguka, nikimbeba mabegani kwa sababu viatu vyake vilikuwa vinaingiza maji. Asubuhi nilitoka mapema ili mke wa ami yako, aliyekuwa akirudi kazi ya usiku, apate kulala. Mji mzima niliuzunguka kwa miguu. Lile handaki la zamani la mwaka 1911, linalopita chini ya Elbe, nimelivuka huku na huku, maana waenda kwa miguu hawatozwi na chini kule hakuna upepo. Watu wanakwenda kulipiga picha. Mimi nilikwenda kutafuta joto.

Jumapili moja wakakusanyika watu wa kwetu nyumbani kwa ami yako, wa Mombasa, wa Lamu, Wangazija, na jamaa wawili watatu wa Dar. Pilau niliipika mimi. Watu wakala, wakasifu, wakauliza kapika nani. Ami yako akacheka, akasema mbele ya wote: "Mwacheni apike, bila mimi huyu angelala na panya bandarini." Wakacheka. Hata mimi nilicheka, na hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwamba nilicheka, mwiko bado mkononi.

Nikauweka. Nikachukua begi langu, nikaaga kwa heshima mtu mmoja mmoja, hata yule wa Lamu aliyecheka kuliko wote, nikapanda treni.

Pale Krayenkamp, chini ya mnara wa kanisa la Mtakatifu Mikaeli ambalo wenyeji huliita Michel, palikuwa na nyumba ya mabaharia ya misheni. Bwana wa mapokezi akatazama kitabu changu cha ubaharia, akataja bei, nikalipa kwa pesa niliyoiweka ya kununulia redio kaseti. Akanipa ufunguo. Nilifunga mlango, nikaufungua, nikaufunga tena. Chumba chenyewe kilikuwa kitanda, kabati na karai la kunawia ukutani, basi. Kesho yake saa tatu za usiku nikasikia tarumbeta. Kumbe kuna mtu kazi yake ni kupanda juu ya mnara wa Michel, saa nne asubuhi na saa tatu usiku, akapuliza wimbo wa kanisa kwa pande zote nne. Kazi hiyo ina zaidi ya miaka 300. Nimelala chali na viatu vyangu, hakuna wa kuniambia nivivue, nikasikiliza upande wa kwanza mpaka wa nne. Muislamu mzima! Nimelala kwenye hoteli nyingine baadaye, nyingine za kampuni, zenye zulia hadi chooni, na sijapata usingizi ule tena.

Kulala, lipia.

Ningeishia hapo, lakini maneno yalinitangulia. Kabla sijafika Tanga, Chumbageni nzima ilishajua kwamba nimelishwa na kulazwa bure Ulaya na nikaondoka bila shukrani. Bibi yako, Mungu amrehemu, hakugombana na mtu. Alinunua gunia la mchele, akaita mkokoteni, akamwagiza kijana asipite njia ya uani. Apite barabara kubwa, polepole, mbele ya baraza zote, hadi nyumbani kwa kina ami yako. "Waambie ni chakula alichokula mwanangu Hamburg." Wanawake walitoka milangoni. Shangazi yako anasema alimfuata yule kijana mpaka mwisho ili asikose kitu, na kila akisimulia hapo hucheka hadi akapaliwa. Mimi hucheka pia. Kicheko hicho sikijutii.

Lakini najua utakachosema. Ami yako huyo huyo ndiye aliyetuma hela ya paa mvua za El Niño zilipotubomolea nyumba, 1998, wakati mimi niko baharini na mama yako kalala na ninyi chini ya turubai. Hakuitaja barazani hata siku moja. Sisi tuliijua kwa karani wa benki. Hapo mimi hunyamaza, maana sina jibu. Mtu mmoja anakupa paa akafunga mdomo, akakupa godoro akakusimanga. Pengine paa halionekani sebuleni kwako kila asubuhi. Pengine alikuwa amechoka, chumba kilikuwa kidogo, mkewe naye alikuwa na yake. Nimejaribu kumtetea miaka yote hii, na kila nikifika kwenye ule mwiko, kesi inaharibika.

Na binti yake si yeye. Alikuandikia "godoro lipo, njooni" bila maneno mengi, na mtu wa masimango huanza na maneno mengi. Mama yako ananiambia, "Ugomvi wenu wa pilau msiwarithishe watoto." Anasema pia kwamba mkilala hosteli, habari itafika Tanga kabla ya picha zenu: watoto wa fulani siku hizi hawalali chini. Ni kweli, itafika. Anasema Harburg si mbali, treni ni kama dakika 20 hadi stesheni kuu, basi laleni kwake usiku mmoja na siku zilizobaki mlipie. Mama yako hupenda kukata vitu katikati. Mimi nikamuuliza, usiku mmoja wa masimango ni masimango nusu? Akaniambia nimalize uji wangu.

Halafu kuna huyo rafiki yako. Wewe ni ndugu, yeye ni mgeni wa mgeni. Akimwaga chai kwenye zulia, ni wewe umemwaga.

Sikuamulii. Wewe ni mtu mzima, na kodi ya chumba unayolipa huko kwa mwezi mmoja inashinda mshahara wangu wa meli ulivyokuwa. Nimesema sikuamulii, na siamui. Ila kwenda kumsalimia dada yako ni lazima, hilo siulizi. Beba zawadi, kuleni kwake mshibe, osheni vyombo, na umwambie namkumbuka na ile kofia yake nyekundu aliyoidondosha njiani nikairudia. Mkimaliza saa nne za usiku, treni za kurudi mjini bado zipo nyingi tu. Nakutajia tu ratiba.

Kaka yako ametazama bei za Stintfang kwenye simu, nami nimempa hela atakutumia Ijumaa. Inatosha vitanda viwili, siku zote tatu, hata kwa bei za sherehe. Ukiamua kulala kwenye godoro, usinirudishie. Nunua gunia la mchele, uingie nalo kwa mlango wa mbele.

Wasalaam,
Baba yako