Mabati ya Ba'mdogo na zile hela za Trump

Mdogo wangu, ile sauti uliyotuma kwenye grupu la ukoo nimeisikiliza mara mbili. Eti wakati wa korona serikali ya Marekani ilitugawia hela kama njugu, dola 1,200, kisha 600, kisha 1,400, nami nikanyamaza kimya. Shangazi naye akacheka. Haya.

Nilipata, zote tatu. Ya kwanza ililala kwenye akaunti usiku mmoja, asubuhi ikaenda kwa mwenye nyumba. Hiyo hainiumi. Kinachoniuma hamjawahi kukiuliza.

Machi 2020 hoteli niliyokuwa natandika vitanda ilifungwa. Nikapata kibarua kwenye ofisi ya kujazia watu kodi, hapa Dallas, kwa sababu ya Kiswahili tu. Mtaa ule una wakimbizi wengi wa Kongo, watu wa Uvira na Fizi, wengine wamekulia kambini Nyarugusu, kwetu Kigoma. Bosi alitaka mdomo wangu, kichwa nibaki nacho.

Hela za awamu ya kwanza zilitumwa kwa kufuata ritani, yaani fomu za kodi, za 2018 au 2019. Ambaye hakuwahi kujaza kwa sababu kipato chake kilikuwa kidogo, kompyuta haimjui. Kwa watu hao IRS, mamlaka ya kodi, ndiyo TRA ya huku, ikafungua ukurasa wa bure mtandaoni: jina, namba ya soshal (namba ya utambulisho ya huku), watoto, akaunti ya benki, basi. Ikaruhusu pia ritani nyepesi: asiye na kipato chochote aandikiwe riba ya dola 1 ili mtambo usiikatae. Dakika kumi. Sisi tulitoza dola 200.

Kutoza si kosa. Lakini anayelipwa kujaza lazima aweke sahihi na namba yake ya PTIN, yaani namba ya mjazaji wa kulipwa, na bosi alikuwa anapaacha patupu, kama vile mteja kajijazia mwenyewe. Niliona wiki ya kwanza. Nikaendelea.

Watu walikuja na magari, wakabaki ndani kwa ajili ya korona, mimi napokea karatasi dirishani na barakoa yangu. Mama mmoja, watoto watatu, anastahili 2,700. Akanipa noti zilizokunjwa ndani ya leso. "Mutoto yangu, Mungu akubariki. Nasaini fasi gani?" Nikamwonyesha fasi. Sikumwambia kwamba kwa simu ya binti yake ingekuwa bure.

Halafu kuna kijana mmoja. Mwaka 2019 alifanya kazi ghalani, akakatwa kodi miezi yote, alikuwa na chake cha kurudishiwa. Karatasi ya mwajiri hakuja nayo. Bosi akasema andika dola 1, twende. Baadaye kijana akapeleka ritani yake ya kweli, mtambo ukaikataa: namba yako imeshatumika. Ikabidi itumwe ya karatasi kwa posta, mwaka ambao barua za IRS zilirundikana kwenye matrela bila kufunguliwa. Akawa ananipigia mimi, si bosi. Namwambia subiri. Siku moja akaacha kupiga.

Sasa unaniuliza kama uje. Usije. Unaniuliza bahati nasibu ya viza inafunguliwa lini. Miaka iliyopita ilikuwa Oktoba. Ikifunguliwa, jaza mwenyewe, usimpe mtu wa steshenari elfu thelathini kwa kazi ya robo saa. Ukishindwa mpe, lakini kaa pembeni yake utazame kila anachoandika. Picha iwe mpya. Na ukibahatika, njoo, godoro lipo. Ila usitegemee nikutafutie kazi ya ofisini, maana ofisi niliyoijua ndiyo hiyo. Hotelini mgongo unauma, lakini shuka halina jina la mtu.

Unanidai laptop, sijasahau. Mwezi ujao.

Bosi alinipa dola 20 kwa kila kichwa, juu ya mshahara. Juni ile mlinipigia kwamba mvua inamnyeshea Ba'mdogo kitandani. Nikahesabu vichwa 25, nikatuma. Picha ya bati zinawaka juani mliniletea, mkaandika "ubarikiwe mtoto wa Marekani". Sijawahi kuifuta, na sijawahi kuifungua tena.

Hili la bati usiliweke kwenye grupu. Baki nalo. Ba'mdogo asijue.