Kabla hujawaua maji moto, okota vidaka

"Mwanangu, mimi sikwei tena. Maji moto wananimaliza."

Mkwezi wetu alisema hivyo akiwa bado anajikung'uta shingoni maji moto, wale chungu wekundu wanaojenga viota vya majani mitini, nami nikamsikiliza. Nikanunua dawa, tukapuliza mnazi kwa mnazi katika shamba alilotuachia baba huko Pangani. Siku ya kuangua ilipita kwa raha, hakuna aliyeng'atwa.

Baada ya miezi michache vidaka, yaani nazi changa, vilianza kupukutika. Asubuhi unafagia, jioni unakanyaga vingine. Nililaumu jua, nikalaumu samadi, jirani akaniambia ni kijicho. Nusura nimkubalie.

Mnazi wenyewe hujipunguzia mzigo. Karara likishapasuka, vidaka vingi huanguka tu, na ukame huzidisha. Kwa hiyo usihesabu vilivyoanguka, vichunguze. Okota kama kumi, bandua vile vikombe vya kwenye kikonyo. Kikiwa safi, mti umekitupa wenyewe. Vyangu vilikuwa na vidonda vya kahawia vilivyobonyea, vingine vinatoa utomvu kama gundi. Vilivyonusurika juu vikafika udafu vimejaa makovu, vimepinda, mteja anaviangalia na kupita.

Hiyo ni kazi ya kunguni wa minazi, mdudu wa kahawia anayefyonza kidaka na kukiachia mate yenye sumu. Wachache tu wanatosha kuharibu makole ya mnazi mzima. Maembe na korosho changa nazo hazimponyoki. Na anayemwinda kuliko wote ni maji moto, wale wale niliowateketeza. Kidaka huchukua karibu mwaka kukomaa kuwa nazi, kwa hiyo ujinga wa siku moja niliula mwaka mzima.

Kuwarudisha kulinitoa jasho. Nilikata matawi ya mwembe yenye viota, nikayafunga minazini, wakapotea. Kumbe bila malkia hawadumu, na ukichanganya wa makundi mawili wanauana. Safari ya pili nilichukua viota vyote vya mwembe mmoja. Halafu nikafunga kamba kutoka mnazi hadi mnazi wapite juu kwa juu, maana shinani wapo sisimizi wadogo wa kahawia wanaowafukuza.

Mkwezi sasa anajipaka majivu mikononi na miguuni, nami nimemwongezea ujira kwa kila mnazi. Bado analalamika, lakini anakwea.