Maswali ya Wasomaji: Fidia ya saratani ya asbesto huhesabiwaje?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, baba yangu ana umri wa miaka 69. Katika miaka ya 1970 na 1980 alikuwa akikata na kupanga vipande vya kuezekea vya asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi, katika kiwanda kimoja cha huku mashariki, na mwaka huu madaktari wa hospitali ya Mulago wametuambia kwamba ana mesothelioma, yaani saratani ya utando unaozunguka mapafu. Amekuja nyumbani bwana mmoja anayesema kwamba Marekani kuna mifuko inayowalipa wagonjwa wa namna hii mamilioni ya dola, na kwamba atatushughulikia tukimpa ada ya kuandikisha jina sasa na theluthi ya malipo baadaye. Je, fidia hiyo huhesabiwaje, na tumwamini mtu huyu?
Mtoto wa Mzee, Mbale

JIBU: Pole sana kwa kuuguliwa, na umfikishie Mzee salamu zetu. Huyo bwana msimpe hata shilingi moja. Kanuni za maadili ya mawakili nchini Uganda zinamkataza wakili kukubaliana na mteja kugawana kinachopatikana mahakamani kwa asilimia, na mtu asiye wakili hana idhini kabisa ya kumwendeshea mtu kesi kwa malipo. Inaniuma kuona kwamba watu hawa hufika mapema kuliko msaada wa kweli, wakati familia ingali imeduwaa kwa habari ya hospitalini.

Hata hivyo, mifuko anayoitaja ipo, na ni vizuri muielewe hesabu yake ili msidanganyike. Kampuni ya Johns-Manville, iliyokuwa kubwa kuliko zote katika biashara ya asbesto huko Marekani, iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi mwaka 1982 kwa sababu ya wingi wa madai, na mwaka 1988 ukaanzishwa mfuko wa kuwalipa wagonjwa badala ya kampuni. Mwaka 1994 sheria ya ufilisi ya Marekani ikarekebishwa ili kampuni nyingine ziweze kufuata njia hiyo hiyo. Mfuko wa namna hii huupa kila ugonjwa thamani yake katika jedwali, kisha hulipa sehemu tu ya thamani hiyo, ili wagonjwa watakaogunduliwa miaka ijayo nao wakute kitu. Katika jedwali la mfuko wa Manville, mesothelioma iliwekewa thamani ya dola 350,000, lakini kwa asilimia 5.1, ambayo ni kiwango ambacho mfuko huo umewahi kulipa, mgonjwa anapata dola 17,850. Si haba, lakini si mamilioni. Zaidi ya hayo, mdai lazima athibitishe kwamba alivuta vumbi lililotokana na bidhaa za kampuni ile ile iliyoacha mfuko. Mzee aliyefanya kazi katika kiwanda cha Uganda atalazimika kuonyesha asbesto ile ilitoka kwa nani, na sidhani kama huyo bwana amewauliza jambo hilo.

Tuje nyumbani sasa, ambako kuna njia mbili. Ya kwanza ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000, ambayo haimtaki mfanyakazi athibitishe uzembe wa mwajiri, bali kwamba ugonjwa umetokana na kazi. Ulemavu ukiwa kamili na wa kudumu, hesabu yake ni mapato ya mwezi mmoja mara 60. Aliyekuwa akipata shilingi 600,000 kwa mwezi atastahili shilingi 36,000,000, na dai hupitia kwa afisa wa kazi wa wilaya. Kwa Mzee wako naona vikwazo viwili. Kwanza, aliacha kazi kabla sheria hiyo haijatungwa, na hapo ndipo wakili wa mwajiri atakapoweka pingamizi lake la kwanza. Pili, mshahara wake ulilipwa kwa shilingi za zamani, na mwezi wa Mei mwaka 1987 serikali ilibadili fedha, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi moja mpya, tena zikakatwa ushuru wa asilimia 30. Ukizidisha mshahara wa mwaka 1980 mara 60 bila kuurekebisha, utapata kiasi kisichonunua hata debe la mahindi. Wakili wenu asikubali hesabu hiyo. Alete ushahidi wa kile anacholipwa leo mtu anayefanya kazi kama ile, aiombe mahakama iutumie kama kipimo.

Njia ya pili ni kesi ya madai kwa msingi wa uzembe, kwamba mwajiri alijua au alipaswa kujua hatari ya vumbi lile na hakumkinga mfanyakazi. Dai lisilozidi shilingi 50,000,000 linaweza kusikilizwa na Hakimu Mkuu, na linalozidi hapo huenda Mahakama Kuu. Hapa fidia hugawanyika. Fidia maalumu ni fedha zilizokwisha kutumika: vipimo, dawa, nauli ya kwenda na kurudi Taasisi ya Saratani iliyopo Mulago, malipo ya mtu wa kumwuguza. Mahakama zetu ni kali sana katika sehemu hii, kwani kila shilingi lazima itajwe katika hati ya madai na ithibitishwe, kwa hiyo risiti iliyotupwa ni fedha iliyotupwa. Fidia ya jumla ni ya maumivu, mateso na kupotewa na raha ya maisha, nayo hukadiriwa na jaji kwa kuangalia kesi zilizotangulia, hakuna jedwali. Kwa mtu aliyekwisha kustaafu, sehemu ya mapato yaliyopotea huwa ndogo, na wanafamilia wengi hukasirika wanapoambiwa hivyo. Lakini kama Mzee alikuwa bado analima, anafuga au anafanya biashara hadi ugonjwa ulipomwangusha, hayo nayo ni mapato na yaandikwe. Kama alikwisha kulipwa chochote chini ya Sheria ya Fidia, mahakama itakizingatia, kwa maana mtu halipwi mara mbili kwa jeraha moja.

Muda ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Kesi ya madhara ya mwili inayotokana na uzembe hupewa miaka mitatu, na ikiwa mdaiwa ni serikali, miaka miwili tu. Mesothelioma huweza kujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuvuta vumbi, na mdaiwa atajaribu kudai kwamba saa ilianza kuhesabika zamani. Ninyi chukulieni kwamba inahesabika tangu siku mlipopewa majibu ya vipimo, wala msiache hata mwezi mmoja upite.

Kisha kuna swali ambalo hesabu zote hulitegemea: nani yupo wa kulipa? Viwanda vingi vya nchi hii vilichukuliwa kutoka kwa wenyewe baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, vikaendeshwa na mashirika ya umma, kisha vikarudishwa au kuuzwa kufuatana na sheria za mwaka 1982 na 1993. Kwa hiyo mtu aliyefanya kazi chini ya paa moja kwa miaka 15 huenda alikuwa na waajiri watatu tofauti kisheria, na huenda mmoja wao ni serikali. Nendeni kwa msajili wa makampuni mkatafute nani alirithi madeni, na muulize pia kuhusu bima, kwa sababu kampuni inaweza kufa na bima yake ikabaki hai.

Wachimbaji wa asbesto wa Afrika Kusini walilijua jambo hili kwa uchungu. Waliishtaki kampuni ya Cape huko Uingereza, na mwaka 2000 mahakama ya juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba kesi yao isikilizwe London. Mwaka 2001 kampuni ikakubali kulipa pauni milioni 21, lakini fedha hazikupatikana, na mwaka 2003 wakapokea makubaliano mapya ya pauni milioni 7.5. Wadai walikuwa wapatao 7,500. Ukigawa sawasawa ni pauni 1,000 kwa kila mmoja. Haki yao ilikuwa imekubaliwa, wagonjwa walikuwa wale wale na mapafu yao hayakuwa yamepona. Kilichobadilika ni uwezo wa mlipaji.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya lolote jingine, kaa na Mzee na umwombe akusimulie: aliingia mwaka gani, idara gani, alitumia msumeno au alichanganya unga, nani walikuwa wenzake, walipewa barakoa au hawakupewa. Yaandikwe yote na wakili ayageuze kuwa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, na ikiwezekana mahakama iombwe imsikilize mapema, maana wagonjwa wengi wa mesothelioma hawaufikii mwisho wa kesi. Ombeni ripoti ya vipimo vya kipande cha nyama kilichokatwa mwilini. Mkiwa hamna barua ya kuajiriwa, taarifa ya michango yake katika NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, inaweza kuonyesha mwajiri na miaka. Mkishindwa kumlipa wakili, ulizeni msaada wa kisheria wa Uganda Law Society au wa Justice Centres Uganda.

SWALI: Ndugu Mhariri, mume wangu alikuwa fundi wa boila katika kiwanda kimoja hapa Jinja, na kazi yake ilikuwa kufunga na kufungua nguo za asbesto kwenye mabomba ya mvuke. Amefariki miezi minne iliyopita kwa saratani ya mapafu. Ndugu zake wanasema kwamba, kwa kuwa alikuwa akivuta sigara, hakuna cha kudai. Ni kweli?
Mama Mjane, Jinja

JIBU: Mama, pole kwa msiba. Wanachosema shemeji zako si kweli, ingawa kina chembe ya jambo. Katika mesothelioma sigara si sababu, na hoja hiyo isingekuwa na nafasi. Katika saratani ya mapafu ni tofauti, kwa kuwa sigara na asbesto zote mbili huisababisha, na mtu aliyekutana na zote hatari yake huzidi sana ile ya aliyekutana na moja. Mdaiwa ataomba kiasi kipunguzwe kwa sababu ya sigara, na huenda akasikilizwa. Kupunguza si kufuta. Unachohitaji ni daktari atakayeeleza kwa maandishi mchango wa asbesto katika ugonjwa huo.

Hesabu ya wategemezi huanza na kile marehemu alichokuwa akikileta nyumbani. Tuseme alipata shilingi 600,000 kwa mwezi na theluthi ilikuwa matumizi yake mwenyewe. Familia imepoteza shilingi 400,000 kwa mwezi, ambazo ni 4,800,000 kwa mwaka. Jaji huzidisha kiasi hicho kwa idadi ya miaka anayoona marehemu angeendelea kufanya kazi, lakini huipunguza idadi hiyo kwa sababu fedha zinalipwa kwa mkupuo na kwa sababu maisha hayana uhakika. Akichagua miaka minane, mtapata shilingi 38,400,000, ambazo hugawanywa kati yako, watoto na wazazi wake walio hai. Maumivu aliyoyapata kabla ya kufa ni dai la mirathi, nalo hufunguliwa na msimamizi aliyethibitishwa na mahakama, si na yeyote aliyejiteua kwenye kikao cha ukoo. Dai la wategemezi lifunguliwe ndani ya miezi 12 tangu kifo. Minne imekwisha kupita, Mama, kwa hiyo nenda kwa wakili mwezi huu, hata kama kikao cha ukoo hakijakubaliana.

SWALI: Mimi ni mwalimu. Nyumba ya shule ninayokaa imeezekwa kwa asbesto tangu enzi za mkoloni. Naweza kudai fidia kwa hofu niliyo nayo?
Mwalimu, Gulu

JIBU: Kwa hofu peke yake, hapana. Mwaka 2007 mahakama ya juu ya Uingereza iliwakatalia fidia wafanyakazi waliokuwa na alama tu za asbesto kwenye utando wa mapafu, bila ugonjwa, pamoja na wasiwasi walioupata kwazo. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, lakini huzishawishi. Paa lisilovunjika hutoa nyuzi chache. Hatari hupanda linapotobolewa, linapokatwa au linapopigwa brashi likiwa kavu. Usiruhusu fundi alipande na msumari, mwandikie mwalimu mkuu na afisa elimu wa wilaya barua ya kuomba lishughulikiwe na wataalamu, na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.