Gari hula kwanza

Mwanangu Zuhura,

Nimepata ujumbe wako na picha za karatasi za zabuni. Umeniuliza: uchukue ile njia ya mkataba ya maili 62 huko Montana, yaani uipelekee posta ya Marekani barua kwa zabuni na gari lako mwenyewe, kwa dola 46,000 kwa mwaka, au uingie posta kama msaidizi wa msambaza barua wa mashambani, usubiri nafasi ya kudumu? Kabla sijafika huko, nijibu kwanza jambo ambalo hukuniuliza: siku huwezi kuamka, barua atapeleka nani?

Tuanze na gari, maana unajua msimamo wangu, gari hula kwanza. Maili 62 kwa siku 302 za kazi (toa Jumapili na sikukuu 11 za serikali) ni maili 18,724. Gari linalosimama na kuondoka kila dakika halitakupa zaidi ya maili 15 kwa galoni, kwa hiyo weka galoni 1,250. Kwa dola 3.50 galoni, hiyo ni karibu dola 4,400. Breki, matairi, oili na vyuma vya chini, weka 3,500. Usicheke. Masanduku ya barua 420 kwa siku ni kukanyaga breki mara 126,000 na ushei kwa mwaka, na nusu ya hizo umo kwenye kokoto za ukingoni. Bima ya biashara, 2,500, kwa sababu ile ya kawaida ikigundua unabeba barua haikulipi. Akiba ya gari litakalofuata, 4,000. Mtu wa kukushikia siku 40, kwa 150 kwa siku, 6,000. Huyo huwezi kumpunja, ukimwajiri kuna kima cha mshahara kilichowekwa na Idara ya Kazi.

Jumla 20,400. Unabaki na 25,600, halafu kodi ya waliojiajiri, ile ya 15.3%, inachota kama 3,600. Umebaki na 22,000, na kodi ya mapato bado, bima ya afya bado. Ukifanya kazi muda wa saa sita kila siku, kwa siku 262 utakazoendesha mwenyewe, ni dola 14 kwa saa. Makadirio ni yangu, badilisha namba utakavyo, ila usibadilishe mpangilio. Gari hula kwanza, wewe unakula kilichobaki.

Jambo moja unalo ambalo wenzako hawana. Masanduku yako mkono wa kulia wa barabara, kwa hiyo gari linalofaa ni la usukani wa kulia, na wewe umejifunzia gari Tanga. Wengi huko hukaa kiti cha abiria, mguu wa kushoto umevuka hadi kwenye pedali, mkono wa kushoto umeshika usukani, wa kulia unatia barua. Nyonga haziponi. Tafuta Jeep au Subaru ya usukani wa kulia hata kama imechoka, na uulize bei ya gia mpya kabla hujauliza bei ya gari.

Sasa lile la nani atapeleka. Unakumbuka mjomba wako alivyokuwa na njia yake ya mkataba Iowa. Msaidizi wake aliacha kazi Ijumaa kwa ujumbe wa simu. Kumpata mwingine si kumwita jirani: lazima achukuliwe alama za vidole, achunguzwe rekodi ya polisi na ya udereva, ndipo aruhusiwe kugusa barua. Hizo ni wiki. Katikati ya wiki hizo bibi yako akatutoka. Alizikwa Muheza saa kumi jioni, Iowa ilikuwa asubuhi, na mjomba wako amesimama mbele ya kabati la vitundu anapanga barua kwa mfuatano wa nyumba. Simu ameiegemeza kwenye kitundu kimoja, sauti imefunguliwa, anasikiliza talkini ya mama yake huku mikono inaendelea. Bahasha za nyumba namba 118 zikaingia kwa 181. Jioni akarudi barabarani kuzikusanya nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyemkatalia ruhusa. Hapakuwa na wa kumwomba. Asingetokea, posta ingemtafuta mtu wa dharura na gharama ingekuwa juu yake.

Utasema hata mwajiriwa huambiwa "hakuna mtu wa kukushikia". Kweli, na huambiwa mara nyingi. Ila pengo lile si lake kulijaza. Na nisiisifie sana ajira, kwani msaidizi hana uhakika wa saa, anaweza kupewa Jumamosi tu, au kurushwa njia asiyoijua siku ya theluji, na cheo kinasubiri mwenye njia astaafu au ahame. Miaka inaweza kupita hapo, na wewe una watoto wawili. Faida yake inakuja ukishathibitishwa: likizo siku 13 kwa mwaka, 20 ukipita miaka mitatu, 26 ukipita 15, siku 13 za ugonjwa, pensheni, na akiba ambayo mwajiri anakuongezea hadi 5% ya mshahara. Njia yenyewe hupimwa kwa saa, ukiimaliza mapema unalipwa zilezile zilizopimwa. Ukitumia gari lako, unalipwa posho ya gari. Yaani gari linakula kwenye sahani yake.

Wanaokwambia mkataba ni ujanja mpya wa kubana matumizi usiwasikilize. Mwanzo wake ni sheria ya 1845: apewe mwenye bei ndogo, mradi barua zifike haraka, kwa uhakika na salama. Makarani walichoka kuyaandika maneno hayo matatu wakaweka nyota tatu, ndiyo maana wazee huziita njia za nyota. Huko huko Montana uliko, Mary Fields, mwanamke mweusi aliyezaliwa utumwani, alichukua njia ya Cascade mwaka 1895 akiwa amepita miaka 60, akaishika miaka minane. Huyo ananitia jeuri ya kukwambia nenda. Kisha nakumbuka kwamba yeye alitumia farasi, na farasi hula majani.

Basi, usinibane niseme moja. Kama una dereva wa pili tayari, aliyekwisha kupita uchunguzi, nalegea. Kama huna, silegei. Au hata hivyo... acha.

Fanya hivi kwanza. Nenda pale ofisini Jumanne inayofuata sikukuu ya Jumatatu, uhesabu vifurushi vilivyorundikana. Bei ya mkataba ni ya mwaka mzima, vifurushi vikiongezeka maradufu Desemba malipo hayaongezeki yenyewe. Masanduku yakiongezwa, omba marekebisho kwa maandishi, si kwa mdomo. Soma kifungu cha bei ya mafuta. Na ile picha ya tatu uliyonitumia imekatwa chini, pale panapotaja mkataba unaisha lini. Piga tena, unitumie kabla hujajaza bei.

Baba yako