Maswali ya Wasomaji: Choo kinafurika kila masika, gari halifiki

SWALI: Ndugu mhariri, tumepanga bondeni, Vingunguti, Dar es Salaam. Tuko watu 20 na choo kimoja cha shimo, kipenyo mita 1.2, kina mita 3. Kila masika kinafurika. Gari la majitaka halipiti uchochoroni. Fundi amemshauri mwenye nyumba achimbe zaidi. Itasaidia?

JIBU: Haitasaidia. Pigeni hesabu kwanza. Kwenye shimo lenye maji, kinyesi kikishaoza hubaki tope la kama lita 40 kwa mtu kwa mwaka. Watu 20 ni lita 800. Shimo lenu, mkiacha nusu mita ya juu, linabeba kama lita 2,800, yaani zaidi ya miaka mitatu. Linalofurika kila mwaka halikujaa kinyesi. Maji ya ardhini yamepanda yakaingia. Pimeni kisima cha jirani kwa kamba na jiwe, mara moja Septemba na mara moja Mei, mtaona tofauti. Kitako cha shimo kinatakiwa kiwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji mliopima Mei. Fundi akichimba zaidi, atawachimbia kisima halafu mkifanye choo.

Kama bonde haliruhusu nafasi hiyo, choo kipande juu. Shimo liwe fupi, kisha ukuta wa tofali za saruji uinuliwe kama mita moja juu ya ardhi, na ngazi za kupandia. Sehemu ya juu ipigwe plasta ndani na nje, ishuke nusu mita chini ya ardhi, la sivyo uchafu utavuja ubavuni. Matairi yaliyopangwa ni rahisi, lakini tope hujificha ndani yake na kunyonya huwa shida.

Kuhusu gari: ulizeni serikali ya mtaa kuhusu wanaonyonya kwa pampu ya mkono na kubeba mapipa kwa pikipiki ya magurudumu matatu. Kinachokwamisha pampu hizo ni matambara, pedi na mifuko, si kinyesi. Vivuliwe kwanza kwa ndoano. Tope likiwa zito limwagiwe maji na kukorogwa. Ulizeni pia linapelekwa wapi. Anayejibu "usijali" anamwaga mtoni, wakati mabwawa ya majitaka yako hapohapo Vingunguti.

Kutapisha choo mvua ikinyesha, yaani kukifungulia uchafu usombwe na maji, tunajua, ndiyo njia ya bure. Uchafu huo unaingia kwenye visima vya walio chini yenu. Kipindupindu hupita humohumo, na Dar es Salaam ilikiona Agosti 2015.

SWALI: Kisima chetu kiko hatua kumi kutoka choo cha jirani. Nikichemsha maji, yanatosha kwa mtoto mchanga?

JIBU: Mama, kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti, kemikali inayotoka chooni na yenye hatari kwa mtoto mchanga. Maji yakipungua sufuriani, naitreti huzidi kukolea. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye tu. Kama ni lazima apewe maziwa ya kopo, tafuta maji ya bomba. Kwa wakubwa, jiki ya kawaida ya asilimia 3.5, isiyo na manukato, inafaa: matone 3 kwa lita, maji yakiwa na ukungu yachuje kwa kitambaa kisha weka 6. Funika dakika 30. Isiposikika harufu kidogo ya klorini, rudia.

SWALI: Urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha viwanja vilivyojengwa bila mpango, umefika mtaani. Wanataka nitoe mita moja ya kiwanja kwa ajili ya njia, bila fidia. Nikatae?

JIBU: Usikatae kabla hujaona ramani. Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022. Wengi wa hao walioongezeka walijenga kabla barabara haijachorwa, na uchochoro wa msomaji wa kwanza ulizaliwa hivyo. Mita yako na mita ya jirani aliye ng'ambo, zikijumlishwa na uchochoro wa mita moja, ni njia ya mita 3: gari la majitaka linapita. Sharti lako liwe moja: jirani naye atoe, na mipaka mipya ipandwe mawe ya upimaji siku hiyohiyo mbele ya mjumbe. Mkiacha hadi wiki ijayo, mtu atakuwa ameshamwaga msingi.