Usihamie karibu na chuo kikuu kwa ajili ya shule kabla hujauliza haya

Jamani wazazi wenzangu, wiki hii tu nimepigiwa simu na watu wawili, wote wanatafuta nyumba ya kupanga maeneo ya Changanyikeni na Msewe, na sababu yao ni moja, kwamba shule za serikali za huku lazima ziwe nzuri maana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko hapo hapo. Nawaelewa kabisa, mi mwenyewe nilikuja na mawazo hayo hayo. Nimekaa Iringa miaka sita jirani na chuo, sasa hivi niko Dar mwaka wa tano ukanda huu wa Mlimani, jirani na chuo hicho, na watoto wangu watatu wote wamesoma shule za serikali, kwa hiyo haya ninayoandika nimeyaona kwenye madaftari yao.

Nilichojifunza ni hiki, chuo hakiingii darasani kwa sababu kiko karibu, kinaingia na watu. Wapo wanachuo wanaokuja kufundisha kwa muda, wapo wahadhiri na wafanyakazi wenye watoto, wapo walimu walioolewa au kuoa huko chuoni, na kila kundi linaifanyia shule kitu chake.

Nianze na walimu wa fildi, yaani wale wanachuo wanaokuja kufanya mazoezi ya kufundisha, maana hao ndo utawaona kwanza. Iringa pale Mkwawa palikuwa shule ya sekondari, baadaye pakawa chuo cha ualimu, halafu 2005 pakafanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka ule ule na DUCE, chuo kishiriki kingine cha ualimu kilichoko Chang'ombe, Dar. Uhitaji wa walimu ulikuwa mkubwa kweli, ada ya shule ya msingi ilifutwa 2001, MMEM, mpango wa serikali wa kuendeleza elimu ya msingi, ikaanza 2002 watoto wakajaa madarasani, ikafuata MMES ya sekondari 2004 na shule za kata zikaota kila mahali, majengo yapo walimu hawapo. Kwa hiyo mji kama Iringa wenye vyuo kadhaa vinavyotoa walimu, ikifika kipindi cha mazoezi ya kufundisha, shule za mjini zinapata walimu wa fildi wengi kwa mpigo.

Faida yake nimeiona kwa macho. Kijana wangu akiwa kidato cha tatu, shule yake ya kata ilikuwa na chumba kimeandikwa maabara mlangoni lakini ndani ni meza tupu na viti vilivyovunjika. Mwezi wa saba akaja binti mmoja wa fildi, kemia, akakuta watoto wanachora bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia kimiminika, kwenye daftari na hakuna hata mmoja aliyewahi kuishika. Yule binti akarudi chuoni kwao akaongea na fundi wa maabara, akaazimwa bureti tatu, akazibeba kwenye boksi zimeviringishwa khanga, akapanda nazo daladala amezipakata kama mtoto mchanga. Siku hiyo kijana wangu karudi nyumbani hata chakula hakuulizia, akachukua mrija na glasi akaanza kunionyesha, mama unafungua taratibu, tone moja moja, maji yana njano, sasa kuna tone moja tu linakuja yanageuka kuelekea wekundu, ukizidisha umeharibu unaanza upya. Mtoto ambaye wiki mbili nyuma alikuwa anasema kemia ni ya kukariri. Hilo lisingetokea kama chuo kingekuwa kilomita mia mbili kutoka pale, kwa sababu bureti haziazimwi kwa barua.

Lakini shule ile ile mwaka ule ule, hisabati ilituumiza. Mwalimu wa somo alipoletewa mwanachuo alimkabidhi darasa lote akaenda kwenye shughuli zake. Kijana wa watu akaanza mada ya duara, wiki zake zikaisha akaondoka, mwenye somo akarudi akaendelea na mada inayofuata akijua ya duara imeisha. Mi nilikuja kugundua miezi baadaye nilipokaa na daftari la mtoto, nikaenda shule kuuliza, nikaonyeshwa azimio la kazi, yaani mpango wa mada za muhula, limejazwa mpaka mwisho na shajala, kile kitabu cha kuandika mada zilizofundishwa, imesainiwa vizuri tu, ila daftari la mtoto linaishia katikati ya ukurasa, swali limeandikwa, jibu hakuna. Darasa zima hivyo. Tukatafuta tuisheni kwa hela ambayo hatukuwa nayo. Simlaumu yule kijana, alikuwa anajifunza kazi, kosa ni la mkubwa aliyemwachia.

Kwa hiyo mzazi ukiwa na mtoto shule inayopokea walimu wa fildi, muulize mwalimu wa taaluma mambo mawili, nani anakaa darasani na mwanachuo, na mwanachuo akiondoka anakabidhi nini kwa mwenye somo. Kama jibu ni kwamba anakabidhi maandalio ya somo pamoja na kusema wazi ameishia wapi, shule hiyo inajielewa. Na madaftari kagua wewe mwenyewe ukianzia mwezi wa saba, hasa kama mtoto yuko kidato cha nne, mtihani wa Novemba hausubiri mtu.

Sasa nije Dar. Chuo hiki kilianza 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, 1964 kikahamia Mlimani na 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Ndani ya eneo la chuo kuna Shule ya Msingi Mlimani, ya serikali. Wazee niliowakuta huku wananiambia zamani mtoto wa profesa na mtoto wa mpishi wa kantini walikuwa wanatembea pamoja kwenda shule na kukaa dawati moja. Leo amka saa kumi na moja alfajiri usimame barabarani mitaa wanayokaa wafanyakazi wa vyuo uhesabu mabasi ya njano ya shule binafsi. Mi nimesimama hapo na binti yangu akiwa na mfuko wake wa daftari, mabasi yanapita moja baada ya jingine yamebeba watoto wa watu wenye digrii tatu, sisi tunakatiza kwa miguu kwenda shule ya serikali.

Na mi siwalaumu wazazi hao, kila mtu anatafuta pa kumweka mwanae. Ila hapa ndo penyewe, maana chuo kinaisaidia sana shule pale watu wake wanapokuwa na mtoto ndani. Shule ya binti yangu ilikaa bila mwalimu wa hisabati wa madarasa ya juu tangu Februari, wazazi tukawa tunanung'unika getini tu, mpaka kwenye mkutano baba mmoja mhadhiri ambaye mtoto wake yuko pale akasimama, akaomba mapato na matumizi yasomwe, akauliza walimu wako wangapi na kila mmoja anafundisha nini. Ikaonekana walimu wapo wengi tu, vipindi ndo vimepangwa vibaya. Akasaidia kuandika barua, kamati ya shule ikaipeleka kwa afisa elimu kata, kabla muhula haujaisha mwalimu kapatikana. Kapitesheni, yaani ruzuku ya serikali kwa shule, kwa msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka na sehemu yake inabaki huko serikalini kwa ajili ya vitabu, hela hiyo haitoshi kununua maajabu, kilichobadilika pale ni kwamba kuna mtu aliyejua aulize nini na asiyeogopa kuuliza.

Hilo la walimu wengi nalo lina sababu yake. Walimu wanahamia huku kwa kufuata wenza, mume yuko chuoni au mke anasoma, uhamisho unaombwa, na wengine wanataka shule ya karibu ili jioni wakajiendeleze. Ni wazoefu na wengi wana elimu ya juu, binti yangu kafaidika sana na mwalimu wake wa Kiswahili. Ila hawaji kwa mahitaji ya somo, unaweza kukuta watano wa sayansi jamii na hesabu hakuna mtu, huku kijijini kwetu shule nzima ina walimu watatu, na hili linaniuma kila nikienda likizo.

Halafu jina zuri linajaza shule. Wakisikia ni shule ya karibu na chuo, wanaletwa watoto kutoka Kimara huko na Goba, darasa la binti yangu wakati anaanza lilikuwa na watoto zaidi ya 90 wakati kiwango cha serikali ni 45 kwa mwalimu mmoja. Na kodi hiyo usiisahau, mwenye nyumba wetu wa kwanza alituondoa agawe vyumba awapangishe wanachuo kwa kitanda, tukahama mbali zaidi, mtoto akawa anatembea dakika 40.

Kwa hiyo hao wawili walionipigia nimewaambia wasilipe kodi kwanza. Waje siku ya kazi, saa nne wakati wa mapumziko, waangalie ubao wa matangazo kama mapato na matumizi yamebandikwa na ni ya lini. Waingie kwenye matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani, waangalie somo kwa somo, wastani wa shule nzima unaficha mengi. Wamuulize mwalimu mkuu nani wako kwenye kamati ya shule na kama kuna mfanyakazi wa chuo mwenye mtoto hapo. Mmoja anakuja Alhamisi, nitampeleka mwenyewe, binti yangu kaomba aje naye amwonyeshe darasa lake.